Nilivyoisahihisha Saa ya Kompyuta

Kila siku nikitoka shule nilipitia kazini kwa mama, kwenye kituo kidogo cha kupimia mvua nje ya Uyole. Mwaka huo wa 1979 nilikuwa darasa la sita, na mama yangu, Helena, alikuwa karani wa kituo. Nilikaa kwenye benchi la nje nikifanya hesabu zangu huku namngoja amalize kupiga chapa barua zake twende nyumbani. Kusema kweli, hesabu nilifanya chache. Muda mwingi nilichungulia dirishani kuitazama kompyuta.

Ilikuwa kompyuta kuukuu, kubwa kama sanduku la nguo. Mtaalamu mmoja wa Kizungu aliileta kutoka kwao ilipokuwa imeshachoka. Kila asubuhi saa tatu mpimaji wa kituo, Ndugu Yotamu, aliangalia chombo cha mvua uwanjani, kisha akaingia ndani kuandika kipimo kwenye kompyuta. Yenyewe ilikichapa kipimo hicho kwenye karatasi, pamoja na saa kilipoandikwa. Karatasi zilijikunja ndani ya mashine bila mtu kuzisoma, na mwisho wa mwezi zilitumwa Dar es Salaam.

Mara chache yule mtaalamu aliiwasha kwa namna nyingine. Alishikilia kitufe chekundu cha pembeni huku akiwasha swichi, na hapo ulitokea ukurasa wa kupangia tarehe na saa. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka bila kumwonyesha mtu. Lakini macho yangu hayakuwa na adabu. Nilikwisha kumwona.

Jumamosi moja mama aliniacha ofisini akaenda ghalani mara moja. Alinionya nisiguse kitu, nami nikaitikia vizuri kabisa. Mlango ulipofungwa tu, nikashikilia kile kitufe na kuwasha. Ukurasa ukatokea. Nikajiona na mimi mtaalamu. Juu kulikuwa na tarehe, na chini yake saa: 10:20.

Nilicheka. Saa kumi na dakika ishirini? Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza saa nne na dakika ishirini. Saa ya mishale niliijua tangu darasa la pili, lakini saa ya tarakimu tupu sikuwahi kuiona. Nikaamua mashine ya watu imepotea njia. Nikaandika 04:20, nikazima, nikarudi kwenye benchi nikifurahi kwamba nimewasaidia.

Wiki tano baadaye ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Ilisema kwamba kwa mujibu wa karatasi, mvua ya mwezi mzima ilipimwa kwenye saa 03, yaani saa tisa usiku, wakati kituo kimefungwa. Vipimo vyote vimekataliwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kompyuta huanza kuhesabu saa zake tangu katikati ya usiku, si tangu asubuhi kama sisi. Nilikuwa nimeiharibu.

Mkuu wa kituo, Ndugu Kalinga, aliijaribu mbele ya wafanyakazi wote, akakuta kweli saa imebadilishwa. Hakujua kuirudisha, wala hakuwapo aliyejua. Alimwuliza Ndugu Yotamu kwa nini ameichezea. Ndugu Yotamu akasema hajaigusa kamwe. Basi nani mwingine huikalia kila siku? Ikaamuliwa kwamba ameivuruga makusudi ili isijulikane anafika kazini saa ngapi, na sasa anakana. Akapewa wiki moja aondoke kazini na kwenye nyumba ya kituo.

Mimi nilikuwa pale benchini, nasikia kila neno. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikasema kesho kutwa. Nani aliyeniingiza ofisini, kama si mama? Baba alikuwa amekwenda zake Usangu na ng'ombe, hasemi lolote wala haleti chochote, na mama akiachishwa kazi tungekula nini?

Lea, binti yake Ndugu Yotamu, alikuwa dawati moja nami. Watoto walianza kumwita Saa Tisa Usiku. Siku moja alininong'oneza akiuliza kama na mimi naamini baba yake ni mwongo. Nikamwambia tuandike, mwalimu anatutazama. Lo, nilijichukia siku ile.

Siku ya nane walipakia vitanda vyao kwenye lori la kwenda Nyololo, kwao mama Lea. Nilijificha nyuma ya choo cha jirani mpaka lori likaondoka.

Siku mbili baadaye nilishindwa kula, nikamwambia mama yote. Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Unajua maana yake, Leokadia? Kazi yangu imekwisha."

"Najua, mama."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Asubuhi akavaa gauni lake la kazini akaniambia twende.

Ndugu Kalinga hakuamini. Alimwambia mama aone haya kumtumia mtoto ili kumwokoa mwenzake wa kazi. Niliomba niwashe mwenyewe. Kitufe kikaniponyoka, ukurasa ukakataa kutokea. Mara ya pili ukatokea. Ndugu Kalinga alitazama saa ile, akatazama ya mkononi mwake, akavuta kiti akakaa. Tofauti ilikuwa saa sita kamili. Vipimo vyote vingeweza kuokolewa kwa kuongeza saa sita katika kila mstari. Siku hiyohiyo aliandika barua ya Dar es Salaam na nyingine ya Nyololo. Ya tatu ilikuwa ya mama. Aliondolewa ofisini na kuwekwa kwenye vibarua wa kufyeka nyasi za uwanja.

Ndugu Yotamu alirudi baada ya wiki tatu, peke yake. Mkewe alikataa kabisa kuishi tena karibu na watu waliowacheka, na Lea alibaki naye. Mama alinituma nikamwone. Nilimkuta uwanjani ameinamia chombo cha mvua.

"Shikamoo, Baba Lea."

"Marahaba." Alimaliza kupima ndipo akanitazama. "Ile saa, kuibadilisha kulikuchukua muda gani?"

"Dakika moja."

"Ungeniambia siku ile, ningekucheka, nikakufundisha hesabu ya saa zao, yakaisha. Mtoto hukosea, hata mkubwa hukosea. Lakini ulisikia naitwa mwongo, ukanyamaza siku kumi. Kilichonifukuza hapa ni kule kunyamaza, Leokadia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa."

Nikamwomba anisamehe. Alisema amesikia, akaingia ndani kuandika kipimo chake. Hakusema amenisamehe.