Mihuri ya Viazi ya Mama Ken

Beth huamka saa kumi na moja alfajiri. Hukamua ng'ombe wake mmoja, hupeleka maziwa barabarani, kisha hurudi jikoni na kufungua redio. Habari zenyewe hata hazisikilizi. Anataka tu nyumba iwe na sauti ya mtu.

Mume wake, Ngatia, alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwana wao wa pekee, Ken, anafanya kazi kwenye kinu cha mpunga kule Wang'uru. Beth amebaki Endarasha na shamba lake la viazi. Upweke unamuumiza, ingawa ukimuuliza atakwambia yuko sawa.

Ken ana binti wa miaka minne, Sophie. Mwezi wa nne alimleta akae wiki moja na nyanya yake, Shosho kwa lugha ya kwao. Mtoto hakumjua Beth, akalia usiku kucha. Asubuhi Ken akaja kumchukua. Beth alisimama langoni mpaka gari likapotea, kisha akaingia ndani, akalia na yeye.

Mwezi wa saba Ken alipiga simu. Angemleta Sophie tena likizo ya mwezi wa nane.

"Lakini Mami, akilia tena nitarudi na yeye siku hiyo hiyo," alisema. "Na sitamlazimisha tena."

Beth aliingiwa na hofu. Akaenda kwa jirani yake, Khadra, mwalimu wa chekechea aliyezaliwa Nanyuki. Alimuuliza watoto wanaolia huwanyamazisha vipi. Khadra alisema yeye hawakimbilii. Huketi akafanya kitu kwa mikono yake, kitu ambacho mtoto angetamani kufanya. Akamwonyesha picha ambazo wanafunzi wake walikuwa wamechapa kwa mihuri ya viazi, vifuniko vya soda na magunzi ya mahindi. Vyote vilitoka jikoni na kwenye taka. Rangi ilikuwa ya kutia kwenye keki.

Beth alirudi nyumbani na kiburi kidogo. Viazi? Amelima viazi miaka thelathini. Akakata kimoja katikati, akachonga ua kwa kisu. Akachanganya rangi, akachovya, akapiga muhuri. Rangi ikatiririka mpaka mezani na karatasi ikararuka. Alijaribu karatasi kumi, zote zikawa vile vile. Khadra alipopita jioni alimkuta ameketi amekunja uso, anasema mtoto atalia tu.

"Umeweka maji ngapi, Mama Ken?" Khadra aliuliza.

"Jagi moja, rangi kifuniko moja. Si ndio tunapima dawa ya waru, hivi viazi vyetu?"

Khadra alicheka mpaka akashika ukuta. Beth alikasirika kwanza, halafu akacheka pia. Ilikuwa siku nyingi hajacheka na mtu.

"Hii si ya kunyunyizia shamba, Teacher, ni kweli," alikubali. "Sasa nifanye nini?"

"Iwe nzito kama uji ya mtoto," Khadra alisema.

Wakaanza upya. Walikoroga vijiko vinne vikubwa vya unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi, wakapika huku wakikoroga mpaka ukawa mzito. Ulipopoa waliugawa kwenye mikebe mitatu, wakatia rangi matone machache. Khadra alieleza kwamba kiazi kilichokatwa kina maji yake, kwa hiyo lazima kifutwe kwa kitambaa kikavu. Alikata kipande cha sponji ya godoro kuukuu, akakiweka juu ya sahani na kukipaka rangi. Muhuri hubonyezwa kwenye sponji, hauzamishwi ndani ya mkebe. Ukiuweka kwenye karatasi, bonyeza, hesabu mpaka tatu, uinue moja kwa moja bila kuuburuta. Kisha picha iachwe mezani mpaka ikauke. Kisu ni cha mtu mzima, na rangi ya ukuta asipewe mtoto kabisa.

Beth alifanya mazoezi kila siku. Kifuniko cha soda kilimpa duara. Gunzi likibingirishwa lilitoa vidoti vingi. Alipata maua mazuri, lakini zaidi ya Khadra hakuwa na wa kumwonyesha.

Mwezi wa nane Ken alifika na Sophie. Mtoto alishikilia suruali ya baba yake. Beth alimsalimu mara moja tu, akaketi mezani na kuanza kupiga mihuri. Walikunywa chai, saa nzima ikapita, Sophie hajasema neno. Ken alitazama saa yake. Beth akajua ameshindwa, lakini akaendelea, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ndipo Sophie akaja mezani. Hakuuliza. Alichukua gunzi. Beth akamsogezea sponji polepole.

"Bonyeza," alisema. "Moja, mbili, tatu. Inua."

Saa kumi jioni Ken, akiogopa kilio cha usiku, alisimama akamwita mtoto waende. Begi la Sophie lilikuwa bado garini. Ken alikuwa ameliacha huko makusudi.

Sophie hakuinua kichwa. Alikuwa ameizungushia karatasi yake mikono yote miwili.

"Wewe enda," alimwambia baba yake. "Yangu na ya Shosho haijakauka."

Ken alimtazama mama yake. Beth alikuwa anamfutia Sophie kiazi kingine. Basi Ken akatoka nje, akaleta begi.