Chiriku Mmoja Kwenye Mahameli

Siku ile mjinga alikuwa Rogers, na hata yeye mwenyewe hakatai. Ila ujinga wake haukuanzia kwenye mapenzi. Ulianzia kwenye kitambaa.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwaka 2006, ndani ya duka la vitambaa pale Deira, Dubai, watu wamebanana hata feni inapumua kwa shida. Kwenye kapu la vipande vya mwisho, Rogers alishika ncha ya mahameli ya kijani. Ncha ya pili ilikuwa imeshikwa na mkono mwembamba wenye bangili moja ya shaba. Mwenye mkono alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge iliyomkaa utadhani ameshonewa akiwa ndani yake. Rogers, fundi cherehani kutoka Voi, Kenya, anayeshona katika duka la jirani, alikagua mishono kwanza, uso baadaye. Uso ukamkuta hajajiandaa.

"Kaka, naomba uachie."

"Nisipoachia?"

"Nitalia. Na nikilia nalia vibaya."

Akaachia.

Aliitwa Edna, wa Njombe, Tanzania, anafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya mtaa uleule. Kutoka mkobani akatoa kitabu cha nyimbo za kwaya, kimefungwa ndani ya foronya kama mtoto mchanga. Jalada limelegea, pembe za kurasa zimegeuka kahawia kwa kufunuliwa miaka mingi. Alitaka kukishonea vazi kwa mkono wake.

"Umewahi kushona nini?"

"Vifungo."

"Basi kitabu kiko hatarini. Niletee mimi."

Wiki zilizofuata zilikuwa za karatasi na penseli. Edna alitaka mawaridi. Rogers akakataa: mawaridi ni ya mito ya hotelini, hiki ni kitabu cha kuimba. Akachora chiriku wawili kwenye tawi la mchai, wanatazamana, midomo wazi. Ndani aweke bitana laini ya pamba, mifuko miwili ya kuchomekea jalada, na utepe wa kuwekea alama.

"Huyu wa kushoto haimbi," Edna akasema, kidole juu ya mchoro. "Huyu anatongoza."

"Kwenye kwaya kila sauti ina kazi yake."

Jioni Edna alikuwa akibipu, Rogers anapiga.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula uzi."

"Na chiriku wangu?"

"Mmoja ameshavaa manyoya. Mwenzake bado yuko uchi."

"Mvishe, mpenzi. Huko dukani kwenu kuna baridi ya AC."

Mpenzi. Neno lile alilitia kama mtu anavyotia chumvi kwa mkono, bila kupima, na Rogers alikwenda kulala nalo. Akaamua: Edna anakwenda likizo mwisho wa mwezi, na siku ya kumkabidhi kitabu atamwambia anataka kumwoa.

Kisha ikaja simu ya Jumanne.

"Rogers, usinichelewesheee. Kitabu ni cha mzee wangu. Alinipa nilipokuwa nakuja huku, nikamwahidi kitarudi kimependeza. Natamani niuone uso wa mzee wangu akikipokea."

Rogers akaweka sindano chini. Kwao Kenya, mwanamke akisema mzee wangu, mara nyingi anamsema mume wake. Kumbe siku zote hizo alikuwa akimdarizia mume wa mtu.

"Upo?"

"Nipo, madam."

"Madam nani tena?"

"Kitabu kitakuwa tayari."

Akachukua wembe, akamfumua chiriku wa kushoto, mshono kwa mshono, mpaka tawi likabaki na ndege mmoja akiimbia hewa.

Siku ya safari Edna alifika dukani asubuhi, gauni la bluu, nywele mpya. Akakigeuza kitabu mkononi. Tabasamu likafifia polepole.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Ameruka."

"Kwenda wapi?"

"Alikuta kiota kina mwenyewe."

Edna naye akaelewa kivyake. Chiriku wa kushoto alikuwa fundi, na fundi kumbe ana mke Voi. Akashukuru kwa sauti ya kuwashukuria wageni wa hotelini, akaondoka.

Mchana Deus, Mtanzania anayekaa na Rogers chumba kimoja, alimletea chakula akamkuta anatazama ukuta. Akasikiliza kisa chote, akaweka kijiko chini.

"Rogers. Kwetu mzee wangu ni baba. Umemwonea wivu mkwe wako."

Rogers akampigia Edna. Simu ikaita, haikupokelewa. Ikaita tena. Akatia sindano na uzi mfukoni, akakamata teksi mpaka Al Qusais, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hoteli. Edna alikuwa amekalia sanduku lake kivulini.

"Rudi kwa mkeo."

"Sina mke. Mwenye kiota nilidhani ni mzee wako."

"Baba yangu?"

"Sasa najua ni baba yako."

Edna akafumba mdomo ili asicheke kabla ya wakati. Akamrushia kitabu. Rogers akaketi ukingoni mwa barabara. Mahameli haisahau sindano. Matundu ya chiriku yalikuwa yangali pale, yakimwonyesha njia. Bawa likarudi, kisha shingo. Dereva wa gari la uwanja wa ndege akafika, akapiga honi, akawahimiza kwa Kiarabu: "Yalla, yalla."

"Dakika chache, tafadhali," Edna akamwambia. Halafu kwa Rogers: "Ungeuliza tu. Swali moja."

"Niliogopa jibu. Lakini na wewe una kosa. Mzee ni mume. Hicho ndicho Kiswahili."

"Cha wapi?"

"Cha watu wazima."

"Basi peleka posa kwa mzee wangu wa Kitanzania," Edna akasema. "Akikukubali, ndipo nitakuita mzee wangu kwa Kikenya. Sasa shona, gari linaningoja."