Dada Aliyekatazwa Kusimama

Wateja walimwita Vidole kwa sababu ya kasi yake ya kusuka nywele. Alikuwa na chumba kidogo cha ususi kando ya barabara, chenye kioo kikubwa na benchi la wanaosubiri. Sasa chumba kilikuwa kimefungwa. Vidole alikuwa na saratani ya titi. Alikwisha kufanyiwa upasuaji, na sasa alikuwa akitundikiwa dripu za dawa hospitalini. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimenyonyoka zote.

"Msusi kipara," alisema siku moja. "Nani atanipa kichwa chake tena?"

Mdogo wake hakucheka. Yeye alikuwa dobi. Alihamia kwa dada yake mara tu aliposikia habari za ugonjwa. Alifua nguo za watu uani, akapika, akafagia, akamlisha dada yake kwa kijiko. Vidole akitaka kuinuka, dobi alikuja mbio na povu mikononi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Mlangoni tu. Nipate hewa."

"Nitakufungulia dirisha. Wewe lala."

Basi Vidole alilala. Alilala asubuhi, akalala mchana, na usiku usingizi ukamkimbia. Miguu ilikonda. Bega la upande uliopasuliwa lilikaza, hata kuvaa blauzi ikawa kazi. Kadiri alivyolala ndivyo alivyozidi kuchoka. Aliacha utani. Mara nyingi aligeukia ukuta, na dobi akamsikia akilia.

Siku ya dripu, mwanamke mmoja aliketi karibu nao wodini.

"Mimi ni mtafiti," alisema. "Tunachunguza jinsi mazoezi, chakula na usingizi vinavyowaathiri watu wenye saratani. Wanaokubali tunawagawa kwa kura. Kundi moja litafanya mazoezi mepesi tukiwa nalo. Jingine litaendelea na matibabu kama kawaida. Kisha tutalinganisha."

Dobi alisimama. "Mnataka kumfanyia majaribio dada yangu? Hapana."

"Una haki ya kuuliza. Hakuna anayelazimishwa. Akikataa, au akikubali kisha akabadili nia, dawa zake hazibadiliki."

"Hali yake huioni? Anahitaji kupumzika!"

"Kupumzika, ndiyo. Kulala siku nzima ni jambo jingine. Msuli usiotumika hunywea. Baadaye mtu akisimama kidogo tu, anahema. Tunajua tayari kwamba mazoezi mepesi huwapunguzia wagonjwa wengi uchovu. Bado hatujui vizuri mazoezi gani, na kiasi gani, yanamfaa nani. Ndiyo maana tunatafiti."

Vidole aligeuza kichwa. "Yataondoa saratani?"

"Hapana, dada. Sitakudanganya. Saratani yako inatibiwa na daktari kwa dawa. Usiziache. Mazoezi ni ya kukupa nguvu za kuzivumilia."

Dobi alimgeukia mtafiti. "Mama yetu aliugua hivi hivi. Hakupumzika hata siku moja. Alianguka na ndoo ya maji mkononi, hakuinuka tena."

"Alikuwa akitibiwa?" mtafiti aliuliza taratibu.

"Uvimbe aliuficha. Tuliuona tulipoosha maiti yake."

"Basi si ndoo iliyomuua, mdogo wangu. Ni ugonjwa ambao haukutibiwa. Pole sana."

Machozi yalimtiririka dobi. Vidole akanyoosha mkono na kumshika.

"Niandikishe," alimwambia mtafiti.

Daktari alimpima kwanza, akamruhusu. Kura ilimweka katika kundi la mazoezi. Walikutana kwenye ukumbi nyuma ya wodi. Pale alimkuta Bibi Mapazia, mshona mapazia mwenye saratani ya utumbo, mwembamba, mwenye maneno mengi.

"Unatembea kwa maringo kama bibi harusi," alimwambia Vidole. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Ameniona kipara, amekimbia."

Wote walicheka. Dobi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishtuka. Hakuwa amesikia kicheko kile kwa muda mrefu.

Mazoezi yalikuwa madogo. Waliinuka kitini na kuketi tena. Walitembea polepole kuzunguka ukumbi. Vidole alitambaza vidole vyake ukutani, kuelekea juu, ili bega lilegee.

"Uweze kuongea huku unatembea," mtafiti aliwaambia. "Ukishindwa kuongea, umezidisha. Ukiwa na homa, kizunguzungu, maumivu ya kifua au maumivu mapya ya mifupa, acha, utuambie mara moja."

Haikuwa rahisi. Baada ya dripu Vidole alitapika, na siku hizo alipumzika bila kulaumiwa. Siku nyingine alitembea mpaka mwisho wa mtaa, dobi akimfuata nyuma, roho mkononi. Polepole mkono ulipanda juu zaidi ukutani. Usingizi ulianza kurudi. Asubuhi moja alivaa blauzi mwenyewe, akachukua kijiko mkononi mwa mdogo wake.

"Nipe. Mimi si kifaranga."

Kisha habari mbaya ikaja. Bibi Mapazia alikuwa amefariki.

Dobi alimkabili mtafiti ukumbini. "Alifanya mazoezi yote! Mbona amekufa?"

Macho ya mtafiti yalikuwa mekundu. "Saratani yake ilikuwa imeenea kabla hajafika hapa. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Lakini mpaka siku zake za mwisho alikwenda chooni kwa miguu yake. Aliniambia hilo ndilo analojivunia."

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Dobi alitaka kukodi gari. Vidole alikataa, kwa kuwa makaburi yalikuwa karibu, naye daktari alikuwa amesema anaweza kutembea. Alisimama kaburini mpaka udongo wa mwisho. Hakuna aliyejua kama ugonjwa wake mwenyewe ungerudi au la. Dawa zilikuwa hazijaisha, na majibu ya utafiti yalikuwa hayajatoka.

Njiani kurudi, dobi aliishiwa nguvu. Alijiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, akalia kwa sauti. Alimlilia Bibi Mapazia, akamlilia mama, akalia kwa hofu yote aliyoibeba.

Vidole alimzungushia mkono mabegani, mkono ule uliokuwa umekaza.

"Niegemee," alisema. "Twende taratibu. Ninakuweza."

Wakaenda.