Injini Iliyofundishwa Shikamoo

Ziwa Tanganyika lilipofungwa ili samaki wazaliane, kazi yote pale Kibirizi, mjini Kigoma, ilibaki kwa Mlaza. Huyu ni roboti mwenye mikono sita na kiburi cha fundi anayeitwa na wengi. Alitambaa kutoka boti hadi boti akizilaza injini, maana injini ikiachwa miezi bila kazi huingiwa na unyevu, na unyevu ukikuta chuma kisichopakwa mafuta, kutu haikawii. Basi akasafisha mabomba kwa maji safi, akamwaga oili chafu na kutia mpya, kisha akapuliza ndani ya silinda ukungu wa mafuta mpaka kila ukuta ukapakwa. Mwisho akaziba bomba la moshi kwa kizibo cha mpira. Injini iliyolazwa hivyo haitakiwi kuwashwa hata mara moja mpaka ziwa lifunguliwe.

Aliyembuni Mlaza ni mhandisi Mwavita Bukuru, mzaliwa wa hapo hapo, na ndiye aliyezitia injini hizo akili mnemba. Zinatumia mafuta ya mawese, kwa hiyo zikiwaka ufuko mzima unanukia maandazi. Zinasema pia. Mwanzoni alizitengeneza bubu, zikakosa mnunuzi. Wavuvi walisema chombo kinachomwona mtu mzima asubuhi kikanyamaza hakina malezi, na wao hawaendi majini na kisicho na malezi. Mwavita alicheka sana, halafu akazifundisha shikamoo. Zikauzwa zote.

Katikati ya msimu Mlaza alipita kukagua, akiingiza kamera nyembamba ndani ya kila silinda. Boti zote zilikuwa salama isipokuwa moja. Akampigia Mwavita ofisini kwake, mtaa wa Mwanga, mjini hapo hapo.

"Kuna kutu changa," alisema Mlaza. "Mafuta niliyopuliza hayapo. Na nilipuliza mimi, na mimi sikosei."

Boti yenyewe ilikuwa ya Mzee Sudi Bukuru, baba yake mzazi Mwavita. Siku ya ufunguzi injini yenye kutu hairuhusiwi kuingia ziwani, na Mzee Sudi hakuwa na boti nyingine wala kazi nyingine. Umri wake ulikuwa ule ambao mtu akikaa nyumbani msimu mmoja, harudi tena. Mwavita alijua hivyo, ndiyo maana asubuhi iliyofuata akateremka Kibirizi mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwangu au kwa injini?"

"Kwenu wote. Baba, nani anaiwasha hii?"

"Mimi siigusi. Hilo roboti lako lilinikataza mbele ya watu, nikatii."

"Sasa mbona ina kutu?"

"Iulize yenyewe," alisema mzee, akaisogelea boti yake.

Injini ilipomwona ikakohoa, ikawaka yenyewe. Kizibo cha mpira kikafyatuka, kikampitia Mwavita karibu na sikio, kikaangukia majini. Harufu ya maandazi ikatanda.

"Shikamoo baba," ikasema injini kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. "Umeamkaje? Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Mgongo leo afadhali. Wewe umelala?"

"Nimelala kidogo, baba."

Salamu zikaisha, injini ikazima. Mzee Sudi akachukua fimbo ndefu, akakiopoa kizibo bila haraka, akakirudisha kwenye bomba. Ilionekana ameshaizoea kazi hiyo.

Mwavita akashika kichwa. Kosa lilikuwa lake tupu. Betri aliyoiwekea injini ilitosha kuiamsha tu; ili iseme, ilibidi izunguke. Kila ikizunguka, ilichoma mafuta ya Mlaza. Na kwa kuwa ilizunguka kidogo tu, haikupata joto la kukausha maji yaliyomo katika moshi wake yenyewe, yakabaki humo ndani yakila chuma. Wenye boti wengine walikuwa mashambani, kwa hiyo injini zao hazikuwa na wa kumsalimia. Yeye aliyejisifu kuipa adabu alisahau kuifundisha kwamba aliyelala hasalimii.

"Nitaifunga hiyo salamu, baba. La sivyo itanoki, ife kabisa, na hutaingia ziwani."

Mzee akaketi ukingoni mwa boti. "Ifunge. Ila nikwambie. Zamani hapa tulikuwa watu watano. Nikifika, napokea shikamoo nne, na mmoja wao, Ntahondi, akimaliza yake ananitania mpaka chai inapoa. Ukaleta mashine za kuvuta nyavu, wakaenda zao. Sikulaumu, samaki tunapata. Nikabaki na hii."

"Lakini mimi nakusalimia kila asubuhi kwenye simu."

"Ile ni mashine."

Mwavita akaitazama simu yake. Ni kweli, tangu apate cheo alikuwa ameiachia akili mnemba ya ofisini impigie baba yake kwa sauti yake, neno kwa neno, hata kicheko.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Haijawahi kuniomba kitu. Wewe tangu utoto huwezi kunisalimia bila kuomba kitu." Mzee akaipapasa injini. "Hii angalau inatoa moshi."

Mwavita alitaka kucheka, yakamtoka machozi. Aliona aibu, na aibu hiyo hakuwa na mafuta ya kuipulizia.

Siku hiyo aliifunga salamu. Mlaza akaitoa kutu, akapuliza upya, akinung'unika kwamba hata mara ya kwanza alipuliza vizuri. Kuanzia kesho yake Mwavita akawa anateremka mwenyewe kila asubuhi kabla ya kazi. Siku ya kwanza akaomba dagaa wakavu. Siku ya pili akaomba ushauri, ambao hakuufuata. Mzee Sudi aliwalalamikia majirani kwamba binti huyu anampotezea muda, na yeye mwenyewe akazidi kuwahi kufika.

Ziwa likafunguliwa. Mkaguzi akaingiza kamera, akakuta chuma kinang'aa, akapiga muhuri. Mwavita akairudishia injini salamu yake, mzee akaiwasha, ikanguruma vizuri mpaka ikapata joto.

"Shikamoo baba," ikasema. "Leo nimelala sana. Nani amekuwa akikusalimia?"

Mzee Sudi akamwonyesha Mwavita kwa kidevu.

"Huyu hapa. Anachelewa kuamka, na kila siku anaomba kitu. Lakini ndiye mwenyewe."