Kidole Gumba cha Kinoti

Hebu niambie wewe, umewahi kuona mwanamume akitafuta mke kwa kidole gumba? Si kwa gari, si kwa maneno matamu. Kwa gumba tu, hiki kifupi kinene ambacho sisi wengine twakitumia kupukuchulia mahindi. Mimi nimeona, na ilianzia hapa Meru mjini, dukani kwa Marete muuza redio na spika, ukitoka soko la Gakoromone ukipanda juu kidogo.

Ilikuwa Jumamosi na soko lilikuwa limefurika. Ndizi zimelundikwa hadi barabarani, mitumba imetandazwa, kila mtu anamsukuma mwenzake na kumwomba radhi hapo hapo. Marete alikuwa na kijana wa kazi aitwaye Kinoti, mrefu, mtoto wa Kianjai, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza spika zilizokufa na kuvuta wateja. Hiyo ya kuvuta wateja ndiyo aliyoipenda. Siku hiyo alivaa shati jekundu la maua na viatu vyeupe ambavyo udongo wetu ulikuwa umeshaanza kuvichora. Akajitundikia gitaa la besi kwa mkanda mrefu mpaka likafika karibu na magoti, akawasha amplifaya, akaanza kupiga ile besi ya kugonga, vijana wanaiita slap. Gumba linagonga uzi mnene, kidole cha shahada kinanyofoa uzi mwembamba, na ukiijua vizuri ni kama ngoma na gitaa vinaongea kwa mdomo mmoja.

Kinoti hakuijua vizuri. Aliijua kwa mbio. Sauti zilikanyagana kama mbuzi wanaotoka zizini. Lakini watu walisimama, maana mtu akitoka jasho namna ile lazima umtazame. Hata mama mmoja mwenye kuku kwapani alisimama.

Katikati yao alikuwa msichana wa rinda la kijani lenye kola nyeupe na mifuko miwili, rinda alilojishonea mwenyewe. Huyo ni Wanjira, fundi wa nguo wa Embu. Alikuja na kwaya yao kwa mkutano wa kanisa kule Kaaga, pembeni mwa mji, akachomoka kidogo kutafuta uzi wa besi, kwa sababu kwenye kwaya hiyo mpiga besi ni yeye. Alifundishwa na baba yake, mzee Ndambiri, aliyepiga muziki wa dansi ujanani.

Kinoti aliposimama kujifuta uso, Wanjira akamwuliza kwa upole, "Kaka, hizo nyuzi zimekukosea nini?"

Watu wakacheka. Kinoti akamtazama kuanzia kola mpaka viatu. "Dada, hii si besi ya kwaya. Hii inataka mkono wa nguvu."

"Naona. Unapiga kama mtu aliyekuta nyoka jikoni."

"Basi shika wewe tuone."

Akashika. Kwanza alifupisha mkanda mpaka gitaa likakaa tumboni, akisema hicho si kikapu cha kuburuzia magotini. Kisha akapiga, lakini polepole, polepole kabisa. Gumba liligusa uzi pale shingo ya gitaa inapoishia, likaruka papo hapo kama limegusa sufuria ya moto. Kimya kidogo. Tena. Watu wakangoja achangamke, hakuchangamka. Vijana wakaondoka. Mama wa kuku akaondoka. Marete akatazama wateja wake wakiisha, akashika kiuno. Aliyebaki amesimama ni Kinoti, mdomo wazi, kwa sababu kila sauti ilitoka peke yake, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

Aliuliza jina, akapewa. Akaomba namba ya simu, akaharakisha kusema ni ya mambo ya besi tu.

"Na mimi nimesema ni ya nini?" Wanjira akajibu, akimwandikia.

Basi simu zikaanza. Wanjira alikuwa akiilaza simu juu ya meza ya cherehani, anakata kitambaa huku anamsikiliza kijana akipiga kule Meru, na kila mara anamkatiza. Bega lishuke. Nguvu isitoke kwenye bega wala kwenye kiwiko, kifundo cha mkono ndicho kizunguke, kama mtu anayefungua kufuli. Mkono wa kushoto usikae kama mgeni, vidole vyake vilale juu ya nyuzi kunyamazisha zile ambazo hazijaitwa. Kidole cha shahada kisiutoboe uzi, kiuguse chini na kuuachia. Na juu ya yote, afungue ule mlio wa kwenye simu unaohesabu mapigo, aanze na mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Ikiwa safi, aongeze kidogo. Ikichafuka, arudi nyuma bila kuona haya.

Kinoti alimwita Mwalimu. Wanjira alimwita Mmeru wangu wa mbio. Baada ya muda mazungumzo ya besi yakawa machache, yale mengine yakawa mengi, lakini bado wote wawili walisema wanaongea mambo ya besi.

Akaanza kwenda Embu. Mzee Ndambiri alimpenda, na Wanjira akamwazima gitaa la baba yake, la rangi ya kahawia, lenye nyuzi zilizokaa chini karibu na shingo, yaani gumba halihitaji kupigana nazo. Na kulikuwa na mstari mmoja wa mzee, mfuatano wa sauti za besi ya dansi, unaopanda shingo yote na kushuka, gumba na shahada vikipokezana mpaka unashindwa kujua kipi ni kipi. Wanjira aliupiga akicheka. Kinoti aliupiga akihema.

Jumapili moja walikuwa wamekaa nje ya duka la Wanjira, chupa ya chai katikati yao. Kinoti akaweka kikombe chini.

"Wanjira, kuna kitu nataka kukuuliza."

Wanjira alikijua hicho kitu. Alikuwa akikingoja tangu mvua za kwanza. Lakini kilipofika mlangoni aibu ikamshika, na mtu wa utani aibu ikimshika hukimbilia utani.

"Siku utakayoupiga mstari wa baba kwa mwendo wake, kila sauti safi, ndiyo siku utaniuliza."

Akanyoosha kola yake, akangoja Kinoti acheke na aulize vivyo hivyo. Kinoti hakucheka. Alinyoosha mkono, akamshika mkono wake, akautikisa kama watu waliouziana ng'ombe.

"Nimekubali," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwao Kianjai Kinoti alikulia katika boma ambalo neno lililokubaliwa kwa mkono halirudishwi, hata kama lilisemwa shambani kwa mzaha. Na Wanjira, kwao, utani ni utani, unausahau kabla chai haijapoa. Mmoja alibeba ahadi akaenda nayo Meru. Mwingine alibaki Embu akijiuliza mbona swali halikuulizwa.

Kule nyumbani mama yake Kinoti, Nelius, alikuwa ameshaweka mtungi wa asali, kwa sababu Mmeru haendi kuomba msichana bila asali. Kila mwisho wa wiki alimwuliza mwanawe safari ni lini.

"Bado kidogo, Mama. Ni mkono tu."

"Asali inaganda kwa mtungi, na wewe uko hapo unapigapiga waya na kidole," Nelius akamwambia.

Kinoti akaingiwa na haraka. Aliyofundishwa yote akayatupa, akauweka ule mlio wa simu kwenye mwendo wa juu kabisa, akagonga asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, bega limepanda mpaka sikioni. Alikuwa anakimbilia swali lake. Mwishowe kifundo cha mkono wa kulia kikavimba. Kule zahanati akafungwa bendeji na kuambiwa asiguse uzi mpaka kipone, na kwamba akilazimisha kitakaa hivyo.

Angemwambia Wanjira, yangeisha siku hiyo. Lakini angemwambiaje Mwalimu kwamba ameumia kwa kufanya hasa alichokatazwa? Wanjira alipopiga simu na kumwomba ampigie kidogo asikie, Kinoti alisema uzi umekatika. Alipopiga tena, alisema ana wateja. Mara ya mwisho alisema umeme umepotea Meru nzima, na alipokuwa akisema hivyo nyuma yake spika za Marete zilikuwa zinatangaza bei mpya kwa sauti ya kuamsha mji.

"Na hiyo spika inatumia nini?" Wanjira akauliza. "Kuni?"

Kinoti akaenda kuizima spika, lakini alikuwa amechelewa.

"Kinoti, kama umechoka na mimi sema tu. Usijifiche nyuma ya umeme."

Akakata. Kinoti alipopiga, hakushika. Kule Embu alishona sare za shule siku nzima bila kuimba, na baba yake akajua, maana nyumba ambayo haijazoea kimya, kikiingia kinaonekana. Wanjira aliona jambo liko wazi: mtu mwenye swali moyoni hakai nalo miezi yote hiyo. Swali lilikuwa limekufa. Kilichobaki ni gitaa la baba, na lazima lirudi nyumbani.

Alikuja Meru siku ya soko, amevaa rinda la zambarau lenye kola, lililomkaa sawasawa, kitambaa kichwani, uso umefungwa kama duka siku ya Krismasi. Marete alipomwona akiingia alipunguza redio bila kuambiwa.

Kinoti alikuwa ameketi juu ya spika kubwa. Mkono wa kulia ulikuwa na bendeji nyeupe mpaka karibu na kiwiko, umelala pajani. Gitaa la kahawia lilikuwa kifuani, halijachomekwa waya wa amplifaya, na mkono wa kushoto ulikuwa ukipanda shingoni na kushuka, polepole, polepole kabisa, ukifuata mlio wa simu uliowekwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani.

Wanjira akasahau hotuba yake yote.

"Huo mkono umefanya nini?"

"Niliukimbiza," Kinoti akasema, bila kuinua macho. "Ulisema nikiupiga mstari ndipo nikuulize. Nikataka kukuuliza mapema. Sasa nimeanza upya, nafundisha huu wa kushoto kwanza. Huu mwingine ukipona utamkuta mwenzake yuko tayari."

"Kinoti. Nilikuwa nakutania."

"Tulishikana mikono."

"Wewe ndiye uliyenishika. Mimi nilikuwa nangoja uulize." Akaigusa kola yake. "Nilinyoosha hadi kola."

Walitazamana. Marete, ambaye alikuwa akijifanya anapanga betri, akaacha kujifanya. Wanjira akamwambia Kinoti kwamba basi imetosha, hakuna mstari tena, aulize. Kinoti akatikisa kichwa. Alichokubali alikubali, hata ikichukua mwaka mwingine.

Wanjira alimwangalia huyu mtu mgumu wa Kianjai, akataka kulia, akacheka badala yake. "Sogea," akasema.

Akaketi naye juu ya ile spika, upande wa kulia, bega kwa bega. Akachomeka waya kwenye amplifaya. Akaweka gumba lake juu ya nyuzi, pale shingo inapoishia.

"Wewe shika huko juu. Mimi nitagonga huku chini. Mlio acha hapo hapo ulipo."

Walianza kama watoto wanaojifunza kutembea. Mkono wa kushoto wa Kinoti, wa kulia wa Wanjira, gitaa moja. Mara ya kwanza wakagongana, wakacheka. Ikasafika, wakaongeza mwendo kidogo. Ikachafuka, wakarudi nyuma. Watu wa soko wakaanza kusogea mlangoni, na safari hii hakuna aliyeondoka, kwa sababu uliona wazi kitu kinapanda. Bega la Kinoti lilikuwa limeshuka. Vidole vyake vilijua njia, vikinyamazisha nyuzi zisizoitwa, na gumba la Wanjira liliruka kutoka kwenye uzi kama kwenye moto. Wakafika kwenye mwendo wa mzee Ndambiri mwenyewe, mstari ukapanda shingo yote, ukageuka kule juu, ukashuka hadi mwisho, na hakuna sauti hata moja iliyomkanyaga mwenzake.

Wanjira akaweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza.

"Haya," akasema, akinyoosha kola yake. "Mstari umepigwa."

Kinoti akainua macho. Mlangoni watu wamejaa, Marete ameshika betri mkononi, na kule Kianjai asali iko mtungini. Angeweza kuyamwaga maneno yote kwa mpigo mmoja, maana alikuwa ameyabeba siku nyingi. Lakini alikuwa amefundishwa. Akashusha bega, akavuta pumzi, akalitoa kila neno peke yake, safi.

"Wanjira, utakubali nikuoe?"