Sauti Iliyopiga Simu

Jumatano saa tatu na nusu asubuhi, siku nne kabla ya sikukuu ya Onam, mhariri wa picha alifungua stoo ya maabara ya filamu mjini Thiruvananthapuram, Kerala, akakuta rafu tupu. Kwenye vumbi zilibaki alama mbili za duara, pale ilipokuwa imekaa mikebe miwili ya mwisho ya filamu mpya ya mwigizaji Vilasini. Humo mlikuwa na mkanda halisi wa dakika ishirini za mwisho, na nakala za kupeleka kwenye sinema ilikuwa haijatolewa hata moja.

Inspekta Subhadra alifika saa nne na robo. Alimkuta mtunza stoo, Velayudhan, ameketi juu ya kreti, jasho linamchuruzika.

"Haijaibwa, afande. Niliitoa mimi mwenyewe, jana saa tano asubuhi. Mwenye mali kaniagiza."

"Mwenye mali nani?"

"Dada Vilasini! Kapiga simu hapa hapa. Kasema, 'Velayudhan, natuma teksi, mpe dereva mkebe wa kumi na tatu na wa kumi na nne.' Kanitaja kwa jina, afande!"

"Una muda gani kazini?"

"Miezi miwili. Nilikuwa karani wa shule Attingal."

"Uliwahi kuongea naye kabla ya jana?"

"Niongee naye mimi? Akija hapa ananitikisia kichwa tu, anapita. Lakini sauti yake! Filamu zake nimeziona zote, nyingine mara saba. Nifunge kitambaa machoni, nitaitambua. Naapa kwa Bwana wa hekalu la Guruvayur."

Hadi saa saba mchana dereva wa teksi alikuwa amepatikana. Alichojua ni kwamba mikebe aliikabidhi kwa mchukuzi stendi ya mabasi, na mchukuzi naye akamkabidhi mwanamke mwenye mwavuli. Stendi ile, wenye miavuli ni nusu ya mji.

Saa nane Subhadra alikuwa sebuleni kwa Vilasini. Alimjua kama kila mtu alivyomjua: binti wa Thalassery, jukwaani tangu umri wa miaka kumi na minne, filamu sitini, tuzo mbili. Mwaka huu alikuwa ameamua kutayarisha filamu yake mwenyewe kwa sababu, alivyowaambia waandishi, amechoka kulia kwenye filamu za watu.

"Sikupiga simu yoyote," alisema Vilasini. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na lafudhi ya kaskazini haijifichi.

"Una mafua, dada?"

"Sina." Akageukia dirisha. "Kesho saa sita mchana wenye sinema wanataka kuona mkanda umekamilika. Wasipouona, nafasi yangu ya maonyesho ya Onam anapewa Kurup. Filamu hii ndiyo kila kitu nilicho nacho, afande. Nitafutie."

Bhaskara Kurup, msambazaji, aliwahi kugombana na Vilasini mbele za watu, na alikuwa na filamu yake inayosubiri Onam hiyo hiyo. Subhadra alikuwa na tumaini kubwa kwamba ndiye, na Kurup akalizima kwa kicheko.

"Jana saa tano? Nilikuwa Kottayam namwoza binti yangu! Wageni mia tisa, wote wamekula payasam yangu. Nenda kaulize ilikuwa tamu kiasi gani." Akajipangusa masharubu. "Mwenyewe kaificha, hiyo. Kaona ni mbovu, anaogopa aibu. Na mtu mwenye masikio yake kamsikia kwenye simu. Unataka nini tena?"

Mwenye maabara naye akaja juu: Vilasini ashitakiwe kwa kutoa taarifa ya uongo. Magazeti ya jioni yakaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Subhadra alikasirika, maana alimpenda mwanamke yule tangu akiwa msichana. Lakini kilichomkera zaidi ni mafua yale ambayo hayakuwa mafua.

Alhamisi saa mbili asubuhi aliwaita Velayudhan na Vilasini maabara. Akamkalisha Velayudhan ndani ya stoo, mlango umefungwa. Akamsimamisha Vilasini nje, akampa gazeti asome kwa sauti. Alisoma mistari mitano.

"Nani huyo?" Subhadra aliuliza mlangoni.

"Sijui, afande. Mpishi wa kantini?"

Vilasini akakunja gazeti taratibu.

"Dada," alisema Subhadra, "sauti ninayoijua mimi, anayoijua huyu, inayojulikana na Kerala nzima, ni ya nani?"

"Ya Pankajam, anayeniingizia sauti. Nilihisi ni yeye tangu jana," Vilasini akasema. "Ningekwambia vipi? Tuzo zile nilipewa kwa kilio chake."

Pankajam alikaa nyuma ya studio ya kuingizia sauti, jirani na maabara. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiingia na kutoka pale, wafanyakazi wote anawajua kwa majina, na jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye filamu hata moja. Saa nne kasorobo Subhadra alibisha hodi.

"Nani?" ikaita sauti kutoka jikoni.

Inspekta nywele zikamsimama. Ilikuwa sauti ya Vilasini wa sinema kabisa, tamu ile ile, na Vilasini mwenyewe amesimama pembeni yake kafunga mdomo.

Pankajam alitoka, mama mfupi mwenye miwani. Alipowaona hakukimbia.

"Nilijua utakuja siku ukiwa na shida," alimwambia Vilasini. "Umezaa kwa sauti yangu. Umefiwa kwa sauti yangu. Halafu nasoma gazetini kwamba safari hii umeingiza sauti mwenyewe. Gazetini, Vilasini! Nimekwenda studio, mlinzi kanirudisha getini kama muuza samaki."

"Niliogopa kukwambia."

"Mimi wa kuogopwa?"

"Ungelia, ningekurudisha. Na hii nilitaka niwe mimi mzima, na mikwaruzo yangu." Vilasini aliketi kwenye kizingiti. "Nimekukosea, dada. Nisamehe."

Pankajam alimtazama, kisha akaenda kwenye sanduku la mchele. Mikebe ilikuwa nyuma yake, mahali pa baridi, imefungwa kwa nguo mpya ya Onam.

"Sikuigusa. Filamu haina kosa. Nilitaka Onam ipite tu bila wewe."

"Kwa hila ile umechukua mali ya mtu, mama," alisema Subhadra. "Lazima niandike."

"Mlalamikaji si mimi?" Vilasini akauliza. "Nafuta malalamiko. Mengine nitayasema mwenyewe."

Saa tano na nusu Vilasini alipanda ngazi za maabara, mikebe mikononi mwa mhariri, waandishi wamejaa, Kurup nyuma yao amevaa suti ya harusi. Alimshika Pankajam mkono.

"Sauti mliyoipenda miaka yote si yangu," alisema, nzito, bila kuitengeneza. "Ni ya huyu. Jumapili mtaisikia yangu, mtaamua wenyewe."

Waandishi wakaanza kusukumana mbele. Kisha Velayudhan akajipenyeza na kidaftari chake cha saini, akampita Vilasini, akakinyoosha kwa mama mwenye miwani.

Pankajam alishika kalamu.

"Niandike jina gani, mwanangu?"

"Lako, mama," alisema Velayudhan. "Lako."