Rangi ya Kucha Chini ya Gari

Mtu akipita sokoni Jumamosi saa tano asubuhi amebeba kiti mgongoni, watu humpisha wakidhani anahama nyumba. Lakini kiti alichobeba yule mwanamume hakikuwa na miguu wala mto. Kilikuwa cha faiba tupu, chembamba, kimekunjika mfano wa mtu aliyelala akitazama dari. Mwenyewe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi, na viatu vya ngozi ambavyo soko lile halikuvistahili. Alifika kwenye kaunta ya duka la ngozi na sponji, akapenya kwenye foleni jasho likimtoka, akanyoosha kidole kwenye robota la kitambaa chekundu kinachong'aa.

"Nikatie mita nne," alimwambia muuzaji.

"Usimkatie," ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamke wa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, futi ya kitambaa imening'inia shingoni, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola. Kucha zake zilipakwa rangi nyekundu, zote isipokuwa ya kidole gumba cha kulia, ambayo ngozi ngumu za viti zilikuwa zimeila.

"Samahani, dada?"

"Hicho ni cha makochi ya sebuleni. Kiweke juani miezi miwili, kinapasuka chote. Na hicho kiti umekitoa kwenye ndege gani, kaka?"

Foleni nzima ilicheka, naye akacheka. Hapo ndipo alipojiokoa, maana wako wanaume ambao wangenuna na hadithi ikaishia kaunta.

"Si ndege. Ni gari la michezo, la watu wawili. Naliunda mwenyewe."

"Kumbe fundi makanika."

"Mfamasia."

Mwanamke alitazama vile viatu, akarudi juu taratibu. "Basi Mungu akulinde, Daktari. Na viti anakushonea nani?"

"Nilidhani nitashona mwenyewe."

Muuzaji aliangalia pembeni kwa huruma. Mwanamke akachukua kile kiti, akakigeuza, akakipima kwa futi yake mgongo na ubavu, akamwagiza muuzaji ngozi nyeusi ya mita tatu na nusu. Alikuwa fundi wa viti vya magari, na kwa kweli alikuwa amekuja kununua zipu tu.

Gari lenyewe lilikaa kwenye gereji ya nyumba ya kupanga, juu ya stendi nne. Lilikuwa limefika kwenye makreti miaka mitatu nyuma: chasi ya mabomba, bodi ya faiba, na kitabu cha maelezo kinene kuliko msahafu. Injini aliinunua ya gari kuukuu lililogongwa kwa nyuma. Kila Jumamosi na Jumapili mfamasia alivua shati jeupe, akavaa ovaroli, akaingia chini. Dada zake walisema ndiyo sababu hajaoa, na hawakuwa mbali na ukweli.

Fundi alileta kiti cha kwanza baada ya wiki mbili. Aliketi ndani yake, gari likiwa bado halina milango, akashika usukani, akasema, "Hapa ndipo pesa zako zote za ujana zimelala."

"Na usingizi wangu."

"Nionyeshe huko chini."

Akamwonyesha. Mfamasia alifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kumwomba amwonyeshe huko chini. Alimfundisha kushika spana ya kipimo, ile ambayo nati ikikaza inavyotakiwa hulia tak, nawe unaacha. Halafu unachukua brashi ndogo na kupaka mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Nati ikijaribu kulegea siku za usoni, mstari unakatika, na unaliona kosa kabla halijakuua.

"Na kila mtu ana rangi yake," alisema. "Ili ijulikane nani alikaza. Mimi natumia nyeupe."

Fundi aliingiza mkono mfukoni akatoa chupa ya rangi ya kucha. "Mimi nimeshapata yangu."

Jumapili ile alikaza nati zote za mhimili wa nyuma, kumi na sita. Kila tak ilipolia alicheka mwenyewe chini ya gari, akapaka mstari mwekundu. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye paji la uso, na mfamasia, aliyekuwa na kitambaa safi mkononi cha kumfutia, alisahau kukitumia. Akabaki amekishika akimtazama. Mapenzi yaliingia hapo, wala hayakubisha hodi.

Miezi ikaenda. Simu zikawa nyingi.

"Uko wapi, mpenzi?" fundi aliuliza asubuhi moja.

"Chini."

"Wewe huko chini umehamia. Nikuletee godoro?"

"Niletee mwenye godoro."

"Haya, mfamasia amejifunza utani. Unafanya nini?"

"Mbele, kushoto. Mkono wa chini wa gurudumu. Nimebakiza nati hii tu." Simu aliibana kati ya sikio na bega. "Sikiliza, kipenzi. Siku litakapotoka, abiria wa kwanza ni wewe. Tunakwenda mpaka kwa mama yako."

Upande wa pili, fundi akasema polepole, "Kwa mama unajua maana yake."

"Najua."

Wakaongea nusu saa. Aliongea huku akitabasamu, brashi mkononi, na nati ile akaipaka mstari mweupe ulionyooka vizuri.

Ilibaki wiki moja kabla ya siku ya ukaguzi wa serikali, ambapo gari lingepewa namba au lingerudishwa nyumbani kwa aibu. Fundi alikuja kufunga viti. Bolti za viti hufungwa kutokea chini, hivyo akajilaza kwenye kipande cha kadibodi akajisukuma ndani na tochi.

Mwanga wa tochi ukasimama mahali pamoja.

"Umeumia?" mfamasia aliuliza.

"Mistari yangu iko wapi?"

Kumi na sita zote zilikuwa nyeupe. Ukitazama kwa makini, wekundu ulichungulia kidogo pembeni mwa weupe.

"Nilikagua tu," mfamasia alisema.

Fundi akatoka chini, akasimama. "Ulikagua lini?"

"Ile Jumapili. Ulipoondoka."

"Ngapi zilikuwa zimelegea?"

"Hata moja."

"Hata moja. Basi kwa nini ukapaka juu?"

"Ili nijue nimeshazipitia. Ni kawaida yangu, mpenzi, kazini kwetu—"

"Miezi mitano umenisifia. Umewaambia hadi dada zako, nyuma yote kaifunga yeye. Kumbe mgongo wangu ulipogeuka tu, uliingia ukafuta."

Ili uelewe hasira yake, inabidi umjue baba yake mdogo. Huyo ndiye aliyemfundisha ushonaji wa viti, na kila siku kwa miaka sita alichukua kazi ya binti huyu mbele ya wateja, akafumua mshono mzima kwa wembe, hata ulionyooka, akaushona upya yeye. Kwa mafundi wa viti, kufumua kazi ya mtu ni kusema hajui. Binti aliondoka pale na cherehani moja na kiapo kimoja: hataishi tena na mtu anayepita nyuma yake kufumua.

Hakupiga kelele. Alichukua mkasi wake na chupa ya rangi ya kucha, akaviacha viti vimelala sakafuni, akaenda zake.

Mfamasia alipiga simu Jumatatu, haikupokewa. Jumanne alipiga mara nne. Jumatano alituma ujumbe mrefu wenye neno "usalama" mara tatu, nami nakwambia hakuna mwanamke aliyewahi kurudi kwa sababu ya neno hilo. Jibu lilikuja la mstari mmoja: *Usalama hauna haja ya kunificha.*

Alhamisi alikuwa kazini, kwenye duka la dawa lenye foleni ndefu ya wagonjwa. Mwenzake pale alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa Dada Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, na siku zote alikuwa akiitafuta ya tatu. Sheria yao ilikuwa kwamba dawa haitoki mpaka wawili waitie sahihi: aliyeihesabu na aliyeikagua. Kwao hilo halikuwa tusi. Lilikuwa adabu, na wakati mwingine lilikuwa maisha ya mtoto wa watu.

Dada Miwani alimrudishia karatasi. "Leo una nini? Umetia sahihi juu ya yangu."

"Wapi?"

"Hapa. Umenifuta kabisa. Mimi nimehesabu, wewe umekagua. Jina langu linabaki, lako linakaa kando. Tangu lini mkaguzi akamfuta mhesabuji?"

Mfamasia aliitazama karatasi mpaka mgonjwa wa mbele akakohoa.

"Na zako anakagua nani?" Dada Miwani aliendelea, akipapasa kichwani.

"Zangu zipi?"

"Hizo hapo za asubuhi. Hazina sahihi ya pili. Kinyozi hajinyoi, mwanangu."

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, alikuwa mlangoni pa karakana ya viti, na shati lake kwa mara ya kwanza halikuwa limepigwa pasi. Fundi alikuwa akishona. Alimwona, akaendelea mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Karibu, Daktari."

"Sikuja kujitetea."

"Huo ni mwanzo mzuri."

"Kukagua si kosa. Kukufuta ndilo kosa. Na kukuficha. Kama ningekuwa sioni haya ningekagua mbele yako." Akasogea hatua moja ndani. "Ninaona haya sasa. Niwie radhi."

Fundi alikunja kitambaa, akakikunjua. Moyo ulikuwa umeshaanza kulainika, ila hakutaka uonekane.

"Na kuna jambo lingine," alisema mfamasia. "Jumatatu ni ukaguzi. Za mbele zote nilikaza mimi, na hakuna mtu aliyewahi kuzipitia. Njoo unikague."

"Mimi?"

"Nani mwingine anaijua ile spana?"

"Nakuja kwa ajili ya viti vyangu," alisema fundi. "Tuelewane."

Jumamosi asubuhi alikuja na kitambaa kichwani, uso umekazwa. Aliingia chini upande wa mbele kulia. Tak. Tak. Tak. Mfamasia alichuchumaa pembeni akimshikia tochi. Upande wa kulia ukaisha, zote nzima. Akahamia kushoto. Tak. Tak.

Halafu hakuna kitu.

Spana ilizunguka bila kulia. Fundi aliiweka chini, akashika nati kwa vidole viwili, vile vile vyenye rangi ya kucha, akaizungusha. Ilizunguka kama kifuniko cha chupa, na mstari mweupe ulionyooka vizuri ukakatika mbele ya macho yao.

"Hii ni ya nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mkono wa chini." Mfamasia aliinamisha tochi. "Ndio unaoshika gurudumu."

"Ikitoka njiani?"

"Gurudumu linalala. Usukani haushiki tena." Aliketi sakafuni kwenye grisi. "Na wewe ungekuwa pembeni yangu. Na njia ya kwa mama yako ina mteremko mkali."

Fundi alitoka chini, akamwona mwanamume yule ameketi kwenye grisi, na hasira yote ikamwishia. Alimshika vidole akavibana. Wote wawili walivuta pumzi, wakaitoa, wakavuta tena. Raha ya kitu kibaya ambacho hakikutokea haina jina, lakini iliijaza ile gereji.

"Nimekumbuka," alisema mfamasia. "Ile siku ulipopiga simu. Nilikuwa na brashi tayari."

"Kwa hiyo kosa langu?"

"La aliyepaka kabla ya kukaza."

"Vizuri. Nilikuwa natafuta spana nikupige nayo." Akacheka, machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. "Mjinga wewe. Ungeniua kwa mapenzi."

Wakaikaza pamoja. Ilipolia tak mfamasia alipaka mstari mweupe, akampisha. Fundi akafungua chupa yake, akapaka mwekundu kando yake. Wakazunguka gari lote hivyo, mbele na nyuma. Zile kumi na sita za nyuma mfamasia alizikwangua weupe taratibu kwa wembe mpaka wekundu ukajitokeza, akapaka wake pembeni. Mchana viti viliingia, na fundi akaketi kwenye cha abiria kama mwenye nyumba.

Jumatatu, kwenye uwanja wa ukaguzi, magari yalijipanga mpaka barabarani. Mkaguzi, mzee mwenye kalamu sikioni, alizunguka lile gari jeusi lililokaa karibu na ardhi mara mbili. Akaingia kwenye shimo la kukagulia na tochi yake. Aliporudi juu alikuwa amekunja uso.

"Miaka yangu yote sijaona hili. Kwa nini kila nati ina mistari miwili?"

"Mmoja kakaza, mwingine kakagua," alisema mfamasia. "Mweupe ni wangu. Mwekundu ni wa mke wangu."

Fundi aligeuza shingo. "Mzee, huyu hajanioa. Wala hajaniuliza."

"Namuuliza sasa hivi," mfamasia alimwambia mkaguzi.

"Ulizaneni huko nje, nina foleni," alisema mkaguzi, akagonga muhuri kwenye karatasi. "Limepita."

Waliegesha nje ya lango, injini ikinguruma taratibu. Mfamasia alizima, akamgeukia. Hakuwa na pete. Hakuwa amepanga chochote, na kwa mtu wa kupanga kama yeye hilo peke yake lilitosha kuwa ushahidi.

"Nataka mtu wa kunikagua," alisema. "Na nimkague, mbele ya macho yake. Unioe, au nikuoe, vyovyote."

 Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni la kijani, akatoa ile chupa, akauvuta mkono wa mwanamume na kuulaza juu ya wake. Akapaka mstari mmoja mwekundu kuanzia kwenye kidole chake cha pete mpaka kwenye kidole cha mwenzake.

"Ukikatika nitajua umelegea," alisema.

Mfamasia alicheka. Alifungua kijisanduku cha mbele, akatoa brashi yake na kichupa cha rangi nyeupe.

"Na mimi je?"

"Paka." Akamzuia kifundo cha mkono kidogo, akamwelekeza. "Kando. Si juu."